Mfanyakazi Mpya wa Mama

Kulipopambazuka, maji yalikuwa yamekwisha kujazwa kwenye mabeseni. Dobi alichambua nguo: nyeupe huku, za rangi kule, zenye madoa sugu peke yake. Wateja walimwita Dobi, kama walivyomwita mama yake zamani. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, meza ndefu ya kupigia pasi na rafu ya mafurushi. Kila furushi lilifungwa kitambaa chenye alama ya mwenyewe. Nyuma palikuwa na ua wa kuanikia, na chumba alicholala yeye na mama yake.

Kazi hiyo aliianzisha mama. Alifua, akapiga pasi, akasomesha watoto wawili kwa mikono yake. Sasa alikuwa mzee, na akili ilikuwa inampotea kidogo kidogo. Kwanza alisahau kutia chumvi. Halafu akasahau majina ya majirani. Kisha siku moja alimtazama binti yake toka kichwani mpaka miguuni, akauliza, "We msichana, nani kakuajiri hapa?"

"Mama! Mimi ni mwanao!"

"Mwanangu yuko shule. Usiniletee maneno. Shika pasi."

Dobi alilia siku hiyo. Tangu hapo wakawa watu wa kubishana kutwa. Mama akisema leo ni sikukuu, Dobi anasema si kweli. Mama akimwita mfanyakazi, Dobi anamletea picha za ukoo. Mama anapandwa na hasira, Dobi naye anapandisha sauti. Hakuna aliyeshinda hata mara moja.

Tena kulikuwa na suala la rafu. Dobi akigeuka tu, mama anafungua mafurushi ya wateja na kukunja nguo upya. Alikunja vizuri, haki ya Mungu, hakuna wa kumkosoa. Ila alichanganya. Sketi ya mke wa muuza nyama ikaenda kwa mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni mseja. Mtaa mzima ulicheka. Mke wa muuza nyama hakucheka.

Baada ya aibu hiyo, Dobi alimfungia mama chumba cha nyuma. Alimwekea kiti, maji na redio, akageuza ufunguo. Mama aligonga mlango mpaka kiganja kikavimba.

Dobi akampigia simu kaka yake, dereva wa lori aliyeishi mji mwingine.

"Kaka, njoo umchukue mama. Nimeshindwa."

"Nitakuja Jumamosi. Lakini mimi ni mtu wa barabarani, unajua. Kwangu atakaa na nani?"

"Utajua mwenyewe," alisema Dobi, akakata simu. Hakutaka mama aondoke. Hakuona njia nyingine, basi.

Kesho yake Nesi wa zahanati alikuja kuchukua sare zake. Alisikia mlango ukigongwa.

"Kuna nani huko ndani?"

"Mama," alijibu Dobi kwa sauti ndogo.

Nesi hakumgombeza. Alisema tu, "Mfungulie kwanza. Moto ukizuka, atatokea wapi?"

Mama alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Dobi akasimulia yote. Alisimulia na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Juzi alinishika mkono akaniambia, 'Wewe unapiga pasi kama unayeua nyoka.' Nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka machozi. Halafu nikajiona mtu mbaya sana. Mama mgonjwa, nami meno nje!"

"Ulimcheka yeye, au mlicheka pamoja?"

"Pamoja."

"Sasa ubaya uko wapi?" Nesi alivuta kiti. "Sikiliza, ndugu yangu. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Si ukaidi, si uchawi, wala si uzee tu. Kumbukumbu zinaondoka, lakini moyo bado unahisi. Ukimfokea asubuhi, atasahau maneno yako, ila uchungu atabaki nao. Ukicheka naye, atasahau kichekesho, ila atashinda na furaha. Na wewe pia. Wanaouguza wengi wanadhani kazi yao ni kuteseka tu. Wakipata raha kidogo wanajilaumu, kama wameiba. Raha hiyo ni yenu. Ndiyo inayowapa nguvu ya kuamka kesho."

"Lakini ananiita mfanyakazi!"

"Na picha za ukoo zimesaidia?"

"Wapi!"

"Basi acha kubishana. Akikupa kazi, itika, ifanye. Na yeye mpe kazi. Mtu aliyekunja nguo maisha yake yote, unamkalisha na redio? Mpe furushi lake mwenyewe. Nguo za wateja ziweke kabatini, ufunge kabati, usimfunge mtu. Pasi ya moto usiiache karibu naye hata ukienda mlangoni tu. Na usibebe mzigo huu peke yako. Huyo kaka yako ana mikono miwili, sivyo?"

Mchana huohuo Dobi alihamisha mafurushi ya wateja kabatini. Kwenye meza alirundika shuka za nyumbani, taulo na foronya. Akasimama mbele ya mama.

"Bosi," alisema, "hizi zinakusubiri."

Mama aliziangalia. Akapandisha mikono ya gauni. "Ndiyo maana nasema, nisipokuwepo hapa mambo hayaendi. Shika ncha hiyo. Vuta! Huli wewe?"

Wakakunja shuka pamoja, huyu ncha hii, yule ncha ile, wakikutana katikati na kurudi nyuma. Mama akaanza kuimba wimbo wa kufulia, maneno yote yakiwa mahali pake. Dobi aliukumbuka. Aliuitikia. Alifurahi, na safari hii hakujikataza.

Siku hazikuwa laini zote. Kuna siku mama alikataa kuoga na kumwagia Dobi povu la sabuni usoni. Dobi alitoka uani, akashusha pumzi, akarudi hasira zikiwa zimepungua. Kuna siku alifukuzwa kazi asubuhi na kuajiriwa tena mchana, na masharti mapya juu. Alichoka, ndiyo. Lakini alianza kungoja maneno ya mama kwa hamu, maana huwezi kujua leo atakuja na lipi.

Jumamosi kaka alifika. Aliweka mfuko wa nguo za mama mlangoni, uso ameuinamisha.

"Gari liko tayari," alisema.

"Rudisha mfuko ndani," alisema Dobi. "Mama haendi popote. Ila sitaki uniachie mimi tu. Kila safari yako ikipita huku, siku hiyo wewe ndiye utakayekaa naye, mimi nilale, nitembee, nisikie sauti za watu wengine."

Kaka alikuna kichwa. "Kukaa naye naweza. Lakini nitamfanyia nini?"

"Utakunja shuka."

"Mimi?"

Mama alikuwa amewasikiliza muda wote, foronya mkononi. Aliweka foronya chini, akaja akasimama kati yao. Akamkazia macho mwanawe kama anavyokaziwa mteja msumbufu.

"Wewe bwana, umekuja kunichukulia mfanyakazi?"

"Hapana, mama."

"Afadhali. Maana huyu simtoi." Alimshika Dobi mkono, akaupapasa kwa kiganja chake kikavu. "Kazi yake bado ya kusukumwa, sikufichi. Pasi hajui. Lakini ana moyo. Nina binti yangu, yuko shule. Akirudi, nitamwambia, 'Tazama huyu. Nampenda kama wewe niliyekuzaa.'"

Kaka aligeukia ukutani. Dobi alikuwa analia na kucheka, vyote kwa pamoja, na hakuona haya kwa kimojawapo.

"Nami nakupenda kama mama yangu, bosi," alisema.

"Basi acha kulia juu ya shuka safi," alisema mama. "Shika ncha hiyo."