Ukurasa wa Brashi

Siku ya kwanza walipoonana, tone la rangi nyekundu lilidondoka kutoka juu ya ngazi, likatua kwenye bega la gauni jeupe la fundi cherehani, katikati ya msongamano wa Jumamosi, mbele ya duka la viatu.

"Wewe kaka wa juu!" fundi alifoka. "Gauni hili nimemaliza kulishona leo asubuhi!"

Mchora mabango alichungulia chini. Shati lake lilikuwa na rangi zote za dunia. "Samahani, dada. Lakini tuseme ukweli, lilikuwa limepooza. Sasa lina ua."

"Ua gani? Shuka nikuoneshe ua!"

Alishuka, akaitazama futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwa fundi. "Na hiyo unatembea nayo kila mahali?"

"Wewe je, domo hilo unatembea nalo kila mahali?"

Wakaangua kicheko. Mwezi haukuisha wakawa wanaitana Futi na Brashi, na kibanda cha Futi cha kushonea kikapata bango jipya la bure, lenye herufi za inchi nane.

Mwaka wa pili, Brashi alichora bango la kinyozi. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa, zilizofuata zikapungua, na ya mwisho ilijikunyata pembeni kama inayoogopa kufika. Futi alizipima zote, akamwambia waende hospitali.

Hospitali walisema ni ugonjwa wa Pakinsoni, unaotetemesha mikono na kufupisha hatua. Dawa ya kuutuliza ipo, ya kuuondoa hakuna. Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu Brashi alikwenda kupimwa: achore mzunguko kama gamba la konokono, agonganishe vidole haraka haraka, ainuke kitini, atembee, huku nesi akimpa alama. Alama zikipanda, ugonjwa umesonga.

"Wamesemaje, mpenzi?" Futi aliuliza kwenye simu.

"Wamesema niko ngangari. Nikuletee machungwa?"

"Usinibadilishie mada. Alama ngapi?"

"Futi, mimi si suruali."

Simu ikakatwa. Futi akabaki mbele ya cherehani, mguu umeganda kwenye pedali.

Basi akafanya alichokijua. Wakitembea, alihesabu hatua za Brashi. Brashi akivaa shati, alihesabu moyoni sekunde za kila kifungo. Alipima herufi za mabango yake. Vyote aliviandika, na tarehe na saa, kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wenye jina moja tu: Brashi. Hakumwambia mtu.

Mchana mmoja alikuwa nyuma ya pazia akimjaribisha mteja nguo.

"Brashi! Nisomee kiuno cha mama wa gauni la bluu, daftari liko mezani!"

Akachomeka pini ya mwisho kwenye pindo.

Alipotoka, Brashi alikuwa amesimama na daftari, mkono unatetemeka mpaka kurasa zinapiga kelele.

"Hatua hamsini, mlangoni mpaka dukani. Vifungo, dakika tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unanipimia nini, Futi? Jeneza?"

Futi alinyoosha mkono achukue daftari.

"Niambie basi. Unasubiri namba gani ndipo uondoke?"

Akatoka. Siku kumi na moja simu yake iliita bila kupokelewa.

Siku ya kupimwa ilipofika, Futi alivaa lile gauni lenye doa, akabeba daftari, akaenda hospitali. Brashi alimwona, akageuza uso. Saa sita nesi akamwita Brashi ndani, akaacha mlango wazi.

"Alama zimepanda sana," nesi alisema. "Mara iliyopita ulikuja asubuhi, zilikuwa chini. Leo mchana, juu. Unanichanganya, kaka yangu."

Futi aliingia bila kuitwa, akafungua daftari. "Samahani, dada nesi. Naomba uangalie hapa."

Nesi alisoma, akamwita daktari. Daktari alipitisha kidole mstari kwa mstari. Asubuhi, hatua chache na ndefu. Saa sita, nyingi na fupi. Alasiri, baada ya kidonge, ndefu tena.

"Kumbe dawa inamwishia kabla ya kidonge kinachofuata," alisema. "Sisi tunamwona mara moja kwa miezi mitatu. Wewe unamwona kila siku. Ugonjwa umesonga, siwafichi. Lakini si kwa kasi ya alama za leo. Tutabadilisha saa za vidonge."

Walikaa kwenye benchi la nje, kati ya wagonjwa.

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya ule mzunguko," Brashi alisema, "nisionekane nimezidiwa."

"Najua. Ulichora nyuma ya risiti zangu zote."

"Na namba uliyokuwa unasubiri?"

"Haipo. Naogopa, Brashi. Nikiogopa napima. Sijui kazi nyingine."

"Mimi pia naogopa. Kila asubuhi, kabla sijashika brashi."

Brashi akaivuta futi shingoni mwa mpenzi wake, akamshika mkono, akaanza kuizungusha kwenye kidole chake cha pete. Ikateleza. Akaanza upya, ikateleza tena. Watu walitazama. Futi alitamani kumsaidia, akajizuia, akasubiri.

"Soma," Brashi alisema.

"Inchi mbili na robo."

"Andika kwenye ukurasa wangu. Tarehe na saa."

"Vipimo vya nini?"

"Vya sonara."

Futi akafungua daftari.

"Tazama," Brashi alimnong'oneza, "mkono wako unatetemeka."

"Nyamaza, mpenzi. Utanikosesha saa."