Mikwaruzo Chini ya Nta

Kila likizo, kazi ya kwanza ya Umeme asubuhi ilikuwa kusuuza ndoo za shangazi yake. Jina la Umeme alipewa nyumbani, kwa sababu alimaliza chai kabla wengine hawajakaa mezani, alipiga mswaki huku akitafuta viatu, na mara nyingi alikuwa amefika njiani ndipo akumbuke kwamba begi limebaki kitandani.

Shangazi alikuwa na banda la kuosha na kung'arisha magari. Lilikuwa na paa la bati, ukuta upande mmoja, sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, na kibanda kidogo cha mbao cha kupokelea wateja. Ndani ya kibanda hicho alikaa binti wa shangazi, ambaye watu walimwita Mpole. Umeme alikuwa na miaka kumi na mitatu na Mpole kumi na miwili, lakini ukiwasikiliza wakizungumza ungedhani Mpole ndiye aliyemlea mwenzake.

Likizo zote zilizopita, Umeme aliruhusiwa kugusa ndoo na magurudumu tu. Shangazi hakuwa mtu wa kubembelezwa katika jambo hilo. "Gari si sufuria," alikuwa akisema. "Sufuria ukiikwaruza utapikia vilevile." Asubuhi hiyo, hata hivyo, alimpa sponji safi na kitambaa laini cha kukaushia.

"Leo utafanya gari zima, mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Ukilifanya vizuri, likizo yote hii wewe ni fundi. Ukivuruga, unarudi kwenye ndoo."

"Sivurugi, shangazi."

"Kwanza niambie kazi inaendaje."

Umeme alijibu bila kupumua. "Nasuuza kwa maji matupu, namwita mwenye gari tuzunguke, ndipo naweka sabuni, nakausha, halafu nang'arisha."

"Mnazunguka lini?"

"Kabla ya sabuni."

Kuzunguka ilikuwa desturi ya banda lile. Vumbi likishatoka, fundi na mteja walilizunguka gari pamoja, polepole, wakionyeshana kila kovu: hapa pamekwaruzwa, hapa pamebonyea, hapa rangi imepauka. Hakuna kilichoandikwa. Waliona kwa macho yao wenyewe, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Shangazi aliona afadhali kukosa sabuni kuliko kuruka hatua hiyo.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani mwenye duka mtaa wa nyuma, mama mcheshi aliyetembea na futi yake ya kupimia shingoni na vipande vya uzi kwenye mikono ya gauni. Alikuja na gari dogo la bluu iliyokolea, limejaa vumbi mpaka kwenye vioo.

"Si langu bado," alimwambia shangazi. "Mwenyewe amenipa nilijaribu mpaka alasiri. Sare za shule nazipeleka kwa mkokoteni, na muhula uliopita mzigo wote ulilowa mvua, nikaanza upya kupiga pasi kama mwendawazimu. Sasa akiba yangu yote naiweka hapa. Ila kwa vumbi hili sijui ninachonunua. Lioshe nilione lilivyo, ndipo nimjibu."

"Umefanya la maana," shangazi alisema. "Mtoto wa kaka yangu atakuhudumia. Mimi napeleka pampu kwa fundi, inavuja."

Umeme alisuuza gari kwa bidii hadi maji ya mfereji mzima yakawa ya kahawia. Kisha akamgeukia mteja ili wazunguke. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi na simu sikioni. "Dada, kola haiwezi kuwa ndefu upande mmoja kama sikio la sungura," alikuwa akimweleza mtu. "Fumua, uanze tena." Alimwona Umeme, akainua kidole kumwomba asubiri.

Umeme alisubiri, akihamisha uzito toka mguu huu kwenda ule. Kola ile ilifumuliwa na kushonwa upya kwenye simu, hatua kwa hatua. Umeme na kusubiri hawakuwahi kupatana hata siku moja. "Nitazunguka naye baadaye," alijisemea, akachovya sponji kwenye sabuni. Simu ilipokatika, gari lilikuwa povu tupu, na fundi cherehani aliaga akisema angerudi alasiri.

Kazi ilikwenda vizuri kwa muda. Alisafisha, akasuuza, akaanza kukausha. Alipomaliza upande wa nje, kitambaa kilimponyoka kikaangukia changarawe. Alijua sheria: kitambaa kilichoanguka hakirudi kwenye gari mpaka kifuliwe, maana punje moja ya mchanga inatosha kuchora rangi. Lakini vitambaa vingine vilikuwa vimefuliwa na bado vimelowa. Alikikung'uta kwa nguvu, akakikagua haraka haraka, akaendelea kukausha upande wa ukutani.

Jua lilipopanda, mwale wake ulipenya kwenye tundu la bati ukaupiga mlango wa nyuma, ule wa ukutani. Umeme aliinama kuufurahia uzuri wa kazi yake, kisha akachuchumaa upesi. Mlango mzima ulikuwa na mikwaruzo myembamba ya duara, duara ndani ya duara, kama vile mtu ameusugua kwa mchanga. Chini, karibu na kona, rangi ilikuwa na vipele vidogo vilivyovimba. Alivigusa kwa kidole, akaamini kwamba alikuwa amesugua mpaka rangi ikaota malengelenge.

Mpole alimkuta amechuchumaa pale.

"Nimeliharibu," Umeme alinong'ona. "Ni kile kitambaa. Kilianguka."

Mpole alitazama mlango. "Mwambie mama akirudi."

"Ili nirudi kwenye ndoo mpaka nizeeke?"

"Na yule mama anayenunua?"

"Ni mikwaruzo midogo tu, Mpole. Inaonekana kwenye jua tu."

"Kwani yeye ataliendesha gizani tu?"

Umeme alipitisha kidole tena kwenye mikwaruzo. Mpole alirudi kibandani.

Kwenye rafu kulikuwa na kopo la nta nzito ya kung'arishia, ya rangi ya giza. Shangazi aliitumia kwa magari yaliyochakaa tu, tena baada ya kumweleza mteja kwamba nta ile haiponyi kitu, inajaza mikwaruzo tu, na mvua chache zikinyesha yote inarudi. Umeme alitazama barabarani, akafungua kopo, akapaka. Alipaka mlango, akapaka na boneti ili mng'aro usitofautiane, akapangusa. Mikwaruzo ikatoweka. Vipele vilibaki, lakini mlango ulielekea ukutani, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya kupita mtoto mwembamba tu.

Shangazi aliporudi alisimama mbele ya gari, pampu mkononi. Alitazama boneti, akatazama vioo.

"Kumbe unaweza kutulia," alisema. "Nimefurahi, mwanangu."

Shangazi hakuwa na tabia ya kumwaga sifa, na Umeme alikuwa amezisubiri hizi kwa likizo zote zile. Alitabasamu kidogo, akaenda kufua vitambaa ambavyo vilikuwa safi tayari.

Alasiri fundi cherehani alirudi. Alipoliona gari alishika kiuno.

"Hili ndilo nililokuja nalo asubuhi?" aliuliza. Alipitisha kiganja juu ya boneti kama anayepima kitambaa cha suti. "Basi, moyo wangu umetulia. Mwenyewe yuko njiani. Akifika namwambia ndiyo, tumalizane leo leo."

"Kazi yote kafanya huyu," shangazi alisema, akimshika Umeme bega.

Umeme aliona aibu, na aliogopa kweli kweli. Akilini alimwona fundi cherehani siku ya mvua, ameshusha marobota ya sare, anafuta mlango kwa furaha, na mikwaruzo inajitokeza mmoja baada ya mwingine chini ya mkono wake. Asingejua kamwe ilitoka wapi. Angekuwa ametoa akiba yake yote kwa gari lililopakwa uongo. Na mkono wa shangazi ulikuwa bado begani, mzito na wenye fahari.

Akapiga moyo konde.

"Mama, usimjibu ndiyo kwanza," alisema. "Hujaliona. Nimelikwaruza, halafu nikaficha."

Mkono wa shangazi uliondoka begani. Umeme alieleza yote huku akitazama mfereji: simu ya kola, kuzunguka alikokuruka, kitambaa kilichoanguka, kopo la nta. Hakubakiza kitu.

"Lete funguo," shangazi alimwambia Mpole.

Shangazi alilitoa gari nje, juani, akalowanisha kitambaa kwa dawa ya kuondoa nta, akafuta mlango na boneti. Mikwaruzo ikajitokeza tena. Aliinamisha kichwa, akatazama upande huu na upande ule.

"Upande wa pili ulikausha na kitambaa gani?"

"Hichohicho. Ila kilikuwa hakijaanguka."

"Njoo utazame."

Umeme alizunguka. Upande wa pili pia, jua lilipoupiga, ulikuwa na duara ndani ya duara. Juu ya paa la gari vilevile.

"Hii ni mikwaruzo ya miaka," shangazi alisema. "Mtu alikuwa akilisugua gari hili kwa matambara machafu. Asubuhi ilifunikwa na vumbi, halafu banda likaifunika kwa kivuli. Hukuichora wewe."

Umeme aligeuka haraka. "Na vile vipele?"

"Vipele gani?"

Aliwarudisha kwenye ule mlango wa nyuma, akawaonyesha kona ya chini. Shangazi alichuchumaa, na safari hii alikaa hapo muda mrefu zaidi. Aliufungua mlango, akaonyesha vitone vidogo vya rangi ya bluu juu ya mpira mweusi unaozunguka kingo zake. Kiwandani hakuna anayepaka rangi mpira. Kisha akachukua sumaku ndogo kwenye sanduku la vifaa, akaizungushia kitambaa chembamba. Kwenye mlango wa mbele ilinasa. Kwenye mlango wa nyuma ilianguka, akaijaribu tena pengine, ikaanguka tena.

"Hapa sumaku hailifikii bati," alimwambia fundi cherehani. "Juu yake kuna puti, ile ya kujazia mabonyeo, tena nene. Gari hili liligongwa, likajazwa, likapakwa rangi. Na hivi vipele ni kutu inayosukuma rangi kutoka ndani. Mimi ni mwoshaji tu, siwezi kukwambia huko ndani kumeliwa kiasi gani. Fundi wa bodi za magari atakwambia."

Wakati huo muuzaji akafika, mwanamume mwenye shati lililonyooka vizuri. Alipowakuta wote wamechuchumaa kwenye mlango ule, alipunguza mwendo.

"Uliniambia halijawahi kugongwa," fundi cherehani alisema.

"Lilisukumwa kidogo tu na lori, dada yangu. Kitu kidogo. Ningekueleza tukishakubaliana."

"Tukishakubaliana ningesikiliza ili iwe nini?" aliuliza yule mama kwa upole. "Kama ungeniambia jana, ningelipeleka kwa fundi wa bodi, tukazungumza kama watu wazima. Pengine ningelichukua na makovu yake. Sasa sijui kingine ulichonificha ni kipi."

Muuzaji alijaribu maneno mawili matatu, akaona hayashiki. Alichukua funguo zake, akaondoka na gari lake.

Fundi cherehani alishusha pumzi. Alisikitika, ilionekana wazi, maana ndoto ya kuachana na mkokoteni ilikuwa imeondoka na gari lile mbele ya macho yake. Lakini akiba yake ilikuwa bado yake. Alimgeukia shangazi.

"Nikipata jingine nitalileta hapa kabla sijasema ndiyo," alisema. "Na aoshe huyu."

"Huyu aliyekuficha ukweli?" shangazi aliuliza.

"Huyu aliyeniambia."

Alipokwenda, Umeme alibaki amesimama katikati ya banda, hajui aweke wapi mikono. Machozi ya kuponea chupuchupu yalikuwa karibu, na kicheko nacho kilikuwa karibu.

"Kumbe sikukosa, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Sikukwaruza kitu."

Shangazi aligeuza ndoo akaikalia, wakawa wanatazamana uso kwa uso.

"Nisikilize vizuri. Mikwaruzo haikuwa yako. Kuificha ndiko kulikuwa kwako. Ulimfichia muuzaji uongo wake, tena bila yeye kukuomba, na kama ungenyamaza dakika chache zaidi, mama wa watu angepoteza akiba yake kwa mkono wako. Ungezunguka naye asubuhi, mngeona yote pamoja na usingeogopa kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kosa likitokea, niletee likiwa bado dogo na lina joto. Nitakasirika, ndiyo, mimi si malaika. Lakini hasira yangu inaisha jioni. Kitu kilichofichwa hakiishi, kinasubiri mvua tu."

Umeme aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali lililokuwa likimchoma muda wote. "Kwa hiyo narudi kwenye ndoo?"

"Wiki hii, ndiyo. Uliruka hatua, na ulipaka nta. Wiki ijayo utaosha gari zima, na nitakuwa hapa nikiangalia unavyosubiri."

Ilikuwa adhabu ya haki, na Umeme aliona hivyo mwenyewe. Alikusanya ndoo zote, akazipeleka bombani. Gari jingine lilikuwa linaingia, la mzee mmoja aliyekuwa akizungumza kwenye simu. Mpole alichungulia dirishani aone Umeme atafanya nini. Shangazi alimruhusu kulisuuza kwa maji tu; Umeme alilisuuza mpaka vumbi likaisha, akafunga maji, akasimama kando ya mlango wa dereva, akasubiri mpaka mzee amalize simu ili wazunguke.