Kitufe cha Rudia

Jioni ile nilitoka kununua mkate tu. Dakika kumi, basi. Kabla ya kutoka niliweka kufuli zito juu ya kitufe cha kompyuta ili mchezo ujibonyeze wenyewe.

Mchezo wenyewe ni wa wakubwa. Unamfunza mwanamke wa kwenye skrini kufagia, kupiga magoti, kutii. Unabonyeza "Rudia" mara mia, unapata alama moja. Moja! Ilikuwa siku ya kumi na tisa, vidole vimekufa ganzi, nimechoka mpaka basi. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye alikuwa na mchezo huohuo kwake, ila yeye alikuwa akibonyeza "Kaa naye", wanapiga soga, mwanamke wake wa kwenye skrini anacheka. Nikamwona mvivu wa kutupwa.

Mwanzoni mchezo uliuliza jina la mwanafunzi. Siku hiyo nilikuwa nimegombana na mke wangu. Nikaandika jina lake, nikacheka peke yangu.

Narudi na mkate, nasikia ufagio ndani.

Shwa... shwa... shwa...

"Mke wangu, leo umewahi kutoka kazini?"

Ufagio tu. Na harufu ya damu...

Alikuwa sebuleni, sare mwilini, mkoba bado begani, anafagia palepale. Sakafu safi kabisa. Mpini ulikuwa mwekundu, viganja vimechunika.

"We! Acha! Unanisikia?"

Macho yalinitazama. Yalikuwa yanalia. Mikono haikusimama.

Nikakimbia kuondoa kufuli. Ufagio ukanyamaza. Naye akaganda, mguu mmoja hewani.

Hapumui.

Nikabonyeza. Akavuta pumzi, akafagia.

Mungu wangu!

Huku kidole kikibonyeza, nikampigia shemeji, nikamweleza.

"Kaa naye," akaninong'oneza. "Wangu nilikaa naye wiki moja tu, akafungua mlango akaenda zake. Mchezo ukaisha."

Nikakitafuta hicho kitufe. Kilikuwa kimefifia, na chini yake maandishi: *Umekataa kukaa naye siku kumi na tisa. Kitafunguka baada ya marudio elfu tisa.*

Elfu tisa! Nililia kwa hasira. Nikamtukana aliyeutengeneza, nikajitukana mwenyewe, nikabonyeza.

Kwenye mia ya tatu midomo yake ikacheza.

"Mume wangu... polepole. Mikono inauma."

Nikapunguza mwendo.

Akaanza kukosa hewa.