Mia Mbili Thelathini kwenye Bomba

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu, naanika nguo, dada yangu akanipigia simu analia. Mwanawe, wa miezi tisa, alikuwa ameshika bomba la bafuni akapigwa shoti mpaka macho yakamgeuka. Mwenye nyumba alipoambiwa, akasema ni unyevu, wavae kandambili. Kandambili, kwa mtoto anayetambaa! Majirani nao wakasema huo ni uchawi.

Mimi ni fundi umeme, na hasira zangu zinajulikana. Nikabeba ngazi na mita yangu ya kupimia umeme, nikaenda kwa dada. Mwenye nyumba nilimkuta kibarazani. Mzee wa watu, lakini sikumwamkia.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu fundi wangu, aliyekuwa akiniita Binti Pilipili. Sharti lake lilikuwa moja: pima kwanza penye umeme ujue mita ni nzima, kisha pima unapopatilia shaka, kisha rudi ulikoanzia. Basi nikapima soketi ya jikoni: volti 230. Nikazima swichi kuu. Soketi ikasoma sifuri. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ardhi, nyingine kwenye bomba.

230.

Nikachomoa kabisa nyaya zote zinazoingia ndani. Nikaenda kupima kwa jirani, mita nzima. Nikarudi. Nyumba nzima sifuri. Bomba, 230.

Bomba lilipanda hadi darini. Nikaegemeza ngazi. Mwenye nyumba akaja akaishika, jasho linamtiririka.

"Usipande huko, mwanangu," akanong'ona.

Nikapanda. Giza. Vumbi. Koleo lilikuwa limeung'ata waya mfu, uliokatwa huku na huku. Mpini wake ulikuwa na utepe mwekundu. Utepe ule niliuzungusha mimi, kwa mikono yangu, kwenye koleo la fundi wangu.

Miaka sita nyuma, mzee huyu ndiye aliyetuletea maiti ya fundi wangu. Alisema ameteleza ngazini, kwenye jengo lake lingine. Mjane wake anaamini mpaka leo kwamba viatu alivyomshonea mumewe ndivyo vilivyomuua. Anajilaumu kila siku ya Mungu.

Nikashuka na koleo mkononi. Nikamuuliza kama bado anasema fundi aliteleza.

"Nilichoka kungoja," akasema. "Nikawasha umeme. Nilidhani ameshashuka."

Nilitaka kumpiga, nisiwafiche. Nikamwambia tuondoke sasa hivi akamwambie mjane ukweli. Akajifuta jasho, akasema yaliyopita si ndwele.

Hatukumwona mtoto akiingia. Tulipogeuka, alikuwa ameshalishika bomba kwa mikono miwili. Dada akapiga yowe. Mtoto akacheka.

Nikapima. Sifuri. Nikapima tena. Sifuri.

Mwenye nyumba akashusha pumzi, akasema si unaona, yamekwisha. Akainama amguse mtoto shavuni. Mtoto akarushwa nyuma, akilia.

Nikauchukua mkono wa mzee kwa glavu yangu ya kazi, nikauwekea ncha ya mita.

230.

Dada yangu anaishi salama sasa. Mzee naye yu hai, ila wajukuu zake hawamsogelei, na mkewe kahamia chumba kingine. Juzi alikuja kwangu, akanyoosha mkono. Nikampima: 230. Nikamwambia dawa yake anaijua, na mjane yuko nyumba ya tano kutoka hapa, mlango uko wazi.

Akasimama kidogo njiani, akiutazama mlango ule. Kisha akashika njia ya upande wa pili.