Kobe Mwenye Goti Bovu

"Usimkanyage, tafadhali."

Mtaalamu alisimama ghafla, mguu mmoja hewani. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, katikati ya jengo la maduka lililofurika watu, na mbele ya kiatu chake hapakuwa na kitu chochote zaidi ya vigae. Mwanamume aliyemsimamisha alikuwa amechuchumaa, shati la njano limekunjwa mikono hadi viwikoni, simu kaishika kwa mikono miwili. Wapita njia walikuwa wakimzunguka kwa mbali na kumwangalia kwa huruma.

"Nisimkanyage nani?"

"Njoo uone."

Mtaalamu alikuwa ametumwa nyuzi na dada yake, na alikuwa amechelewa. Lakini sauti ya yule mtu haikuwa na mzaha hata kidogo, basi akainama, akachungulia kwenye kioo cha simu. Aliona vigae vilevile, kiatu chake cheupe kilekile, na mbele ya kiatu, kobe. Kobe mnene wa rangi ya kahawia, akijikokota kuelekea duka la mapazia.

"Ni mchezo," mwanamume akaeleza. "Simu inaisoma sakafu ya kweli, kisha inamweka mnyama wa kubuni juu yake. Kitaalamu unaitwa uhalisia ulioongezwa. Mama yangu anauita wazimu."

Mtaalamu hakucheka, maana alikuwa anamtazama kobe. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kutembea upya, katika hospitali kubwa ya mji, baada ya mifupa kuunga na plasta kukatwa. Miaka tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemharibu kabisa: hakuweza kumwona kiumbe anatembea asimpime.

"Huyu ana goti bovu," alisema. "La nyuma, kulia. Na kiuno hakifanyi kazi. Nani alimfundisha kutembea?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Mwanamume akainuka taratibu. Alikuwa mrefu kuliko alivyodhaniwa, na nywele zake zilikuwa zimechanwa upande mmoja tu, mwingine ukiachwa kwa rehema za Mungu. "Basi mtibu," alisema. "Mimi nimeshindwa naye miezi minne."

Wakakaa kwenye benchi, na Mtaalamu akamwonyesha kwa vidole viwili juu ya paja lake mwenyewe jinsi goti linavyopaswa kukunjika kabla unyayo haujainuka. Nyuzi za dada zikasahaulika. Waliachana wakiwa wamepeana namba, na kesho yake asubuhi simu ya Mtaalamu ililia.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Mtaalamu, hata kabla ya salamu.

"Amelala vizuri. Anakuulizia."

"Mwambie namkumbuka."

"Yeye, au mimi?"

"Nyote. Yeye zaidi."

Jina la Kobe likamganda huyo mwanamume kuanzia siku ile, naye akawa anamwita Mtaalamu, wakati mwingine Mtaalamu wangu, na akiwa na shida ya kuomba msamaha, laazizi. Damu zao zilipatana. Haikupita miezi mitatu, dada yake Mtaalamu, fundi cherehani aliyeishi naye nyumba moja, akaanza kumchukua vipimo vya gauni jeupe bila kuombwa na mtu.

"Nani kasema naolewa?" Mtaalamu aliuliza, mikono juu, futi imemzunguka kifuani.

"Hakuna aliyesema. Geuka."

Sasa, tatizo lilianza na wazo zuri. Ukumbi wa wodi ya watoto una urefu wa hatua ishirini za mtoto, na kila asubuhi Mtaalamu alikuwa akiwabembeleza watoto waumalize huku wakilia. Baada ya kumwona yule kobe, alikaa akaandika kurasa mbili kwa Matroni: tupate mchezo wa simu utakaoweka kitu sakafuni, mtoto akifuate, asahau kwamba anatembea. Matroni, mwanamke mwenye miwani ya kamba na maneno ya kuhesabika, alisoma mara mbili akasema, "Hili nalitaka." Hospitali ikatafuta wafadhili, tangazo likatoka, kamati ikaundwa ya kuchagua studio ya kuutengeneza. Mtaalamu akawekwa mle kama mtu wa kupima mwendo wa watoto, na alama zake ndizo zilizokuwa nzito kuliko za wote.

Studio tatu zikaomba. Moja ilikuwa ile aliyofanyia kazi Kobe.

Angekwenda kwa Matroni siku ileile akasema, mimi na huyu ni wapenzi, mambo yangeisha. Hata mtoto mdogo angemshauri hivyo. Lakini angesema, angetolewa kwenye kamati, na mchezo ule ulikuwa wake, ameuota mwenyewe, na hakuwa tayari kuwaachia watu ambao hawajui tofauti ya goti na kifundo cha mguu. Akaamua kujitungia sheria yake mwenyewe.

"Kuanzia leo hatuzungumzi kazi," alimwambia Kobe. "Na usikanyage hospitalini mpaka kamati imalize. Hata geti usilione."

"Nikiugua je?"

"Uugulie kwingine."

"Haya. Naapa sikanyagi."

Alicheka alipokuwa anaapa, na Mtaalamu alicheka pia. Kilichofuata hakikuchekesha. Kazi ilikuwa imejaa katika maisha yao wote wawili, ukiiondoa kilichobaki ni hali ya hewa. Wakipigiana simu, mmoja anaanza sentensi halafu anaimeza. Mtaalamu akawa hatulii. Anashika sindano ya dada yake anaiacha, anafungua dirisha, analifunga. Jioni anapiga simu, ikipokelewa hajui aliitakia nini.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

"Unasikika una jambo."

"Nilikuwa nataka kukwambia kitu kuhusu… Basi, acha."

"Acha," alikubali Kobe, na mmoja wao akasingizia chaji.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumanne asubuhi. Simu tatu ziliwekwa mezani, hazina majina, kila moja imebandikwa karatasi: nyekundu, njano, bluu. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imepigwa deki na kung'arishwa hadi taa za dari zikaonekana ndani yake. Mtoto wa kwanza kujaribu alikuwa binti wa miaka minane mwenye vyuma mguuni, ambaye wauguzi walimwita Bosi kwa jinsi alivyowatuma. Alisimama na fremu yake ya kutembelea, simu ikafungwa kwenye fremu, mbele yake.

Nyekundu ilikwama kabla ya kuanza. Bosi akaitazama, akasema, "Hii imekufa, leteni nyingine."

Kwenye njano alitokea kobe.

Mtaalamu akamtazama miguuni. Goti la nyuma la kulia lilikunjika barabara, kabla ya unyayo kuinuka, vilevile alivyolionyesha juu ya paja lake siku ile. Kiuno kinacheza. Hapo majina yaliyofichwa hayakuwa na maana tena, na furaha na hofu zikamjia kwa pamoja. Bosi alipiga hatua tano akicheka. Kisha kobe akazama sakafuni mpaka shingoni. Akaibuka, akaelea hewani, akaanza kupanda ukuta. Bosi akainua kichwa kumfuata, akaegemea nyuma, fremu ikainuka miguu miwili. Mtaalamu alimdaka mgongoni, na mtoto hakuumia.

Bluu haikuwa na mnyama. Ilikuwa na nyayo za kijani tu, mbaya, bila sura, zimetulia palepale sakafuni. Bosi alizifuata hatua kumi na nane.

Hakuna aliyemshika Mtaalamu mkono alipoandika alama. Bluu aliipa za juu. Njano aliiandikia: mchezo huu ni hatari kwa mtoto. Aliandika kwa hasira, maana aliona amedharauliwa. Mtu anayejua kufundisha goti kiasi kile anatumaje kitu ambacho hakijajaribiwa?

Barua ilipofika studio, Kobe alipiga simu. Mtaalamu alikuwa kwenye ngazi za nje za hospitali, sare ya bluu, chakula cha mchana hakijafunguliwa.

"Wameandika sisi ni hatari kwa mtoto," alisema Kobe. "Ni maneno yako hayo. Nayajua maneno yako."

"Ni yangu. Nusura aanguke mikononi mwangu, Kobe. Mlishindwa hata kuijaribu kwenye sakafu yetu?"

"Sakafu yenu inang'aa. Simu haiwezi kusoma kitu kinachong'aa kama kioo, lazima uione kwanza ndipo uipangie."

"Sasa kwa nini hamkuja kuiona? Matroni aliwaita wote."

"Siku ya kuja kuona sakafu," alisema, "wenzetu walikuja. Kwetu mtu wa sakafu ni mimi peke yangu. Na mimi niliapa sikanyagi."

Mtaalamu alikaa chini kwenye ngazi.

"Ungemtuma mwenzako."

"Ningewaambia nini? Kwamba siwezi kwenda kwa sababu ninayempenda yuko kwenye kamati na hajamwambia mtu? Niliwaambia tutabahatisha. Tukabahatisha."

"Hukunieleza."

"Ungenipa nafasi gani ya kueleza? Tulikuwa tunaulizana kama tumekula." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma. "Sikulaumu kwa alama. Alama ni za haki. Lakini umenificha kama kosa, Mtaalamu. Mimi si kosa."

Simu ikakatika. Siku tisa zikapita haipigwi wala haipokelewi. Nyumbani, dada alilitazama lile gauni lililokatwa, akatazama uso wa mdogo wake, akalikunja na kuliweka kabatini.

"Alama ulizotoa ni za kweli?" alimuuliza.

"Za kweli."

"Na Matroni anajua huyo ni nani kwako?"

"Hajui."

"Basi za kweli zako zina harufu," alisema dada, akakata uzi kwa meno na kuendelea na kazi.

Kesho yake Mtaalamu alipiga moyo konde. Aligonga mlango wa Matroni, akasimama mbele ya meza, akasema yote kwa pumzi moja: jengo la maduka, kobe, sheria aliyojitungia, siku ya sakafu. Matroni alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Miaka mingi nimekaa kwenye kamati," alisema. "Nimewaona wanaowapendelea watu wao. Wewe ni wa kwanza kuja kuungama kwamba umemnyima wako."

"Sikuja ili umpe, Matroni. Bluu ilistahili siku ile."

"Najua, nilikuwepo. Lakini ulificha, na kwa kuficha kwako studio moja haikuiona sakafu. Ungekuwa wewe mimi, ungefanyaje?"

Mtaalamu alilijua jibu tangu alipogonga mlango. "Ningerudia majaribio. Na huyu aliyesimama hapa ningemtoa."

"Kwenye alama tu?"

"Kwenye mchezo wote."

"Faili nenda ukalilete," alisema Matroni, kwa upole ambao Mtaalamu hakuwa ameuzoea.

Akalileta, na Matroni akaziita tena studio zote kuiona sakafu kabla ya majaribio mapya. Kurasa mbili alizoandika mwenyewe zilikuwa juu kabisa, na alipoziweka mezani aliona macho yanamuuma. Ukumbini akamtumia Kobe ujumbe: Njoo uione sakafu Jumatano, mmeitwa studio zote tatu. Nimesema kila kitu. Mimi si wa kamati tena. Simu ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja, si siku ile, si wiki ile, na Mtaalamu akaichunguza simu yake mpaka dada akatishia kuifungia kabatini pamoja na gauni.

Siku ya majaribio ya pili alizuiwa kuingia ukumbini. Akakaa kwenye benchi nje ya mlango, kwenye veranda ya saruji, akitikisa goti. Angeweza kwenda zake kula. Hakwenda. Alisikia sauti ya Matroni, mlio wa fremu, kimya, halafu mlio tena. Mtoto wa ngapi huyo? Simu ya ngapi? Akasimama, akakaa, akasimama, akatembea mpaka nguzo na kurudi.

Mlio wa fremu ukakaribia. Hatua kumi na nane, alihesabu kwa masikio. Ishirini. Ukumbi ulikuwa umekwisha. Mlango ukasukumwa kwa fremu, akatoka Bosi, macho kwenye simu, ulimi nje kwa umakini.

"Inua mguu," aliamuru. "Utamkanyaga."

Mtaalamu akainua mguu. Hakuangalia kioo cha simu. Aliangalia goti la mtoto: lilikunjika, unyayo ukafuata, na Bosi akampita akielekea kwenye maua bila kujua kwamba ukumbi aliuacha zamani. Nyuma yake alipita Matroni, kalamu sikioni, akijifanya hakuona mtu kwenye benchi.

Nyuma ya Matroni alikuja Kobe, shati la njano, soksi miguuni, viatu mkononi.

"Viatu vimefanya nini?" aliuliza Mtaalamu.

"Niliapa kutokanyaga hapa. Nimetafuta njia, kama ile Jumatano ya sakafu."

"Hukunijibu ujumbe."

"Wiki nzima nilikuwa nalala na ile sakafu kichwani. Mwishoni nimeifanya simu isome ukingo wa ukuta badala ya vigae." Akatazama chini. "Na nilikuwa bado nimekasirika. Kisha Matroni akaniambia ulichokiacha mezani kwake, nikaona aibu ya kupiga simu. Nikasema nije na miguu."

"Usiniambie nani anashinda. Nitaisoma barua kama watu wengine."

"Sisemi. Nina swali lingine." Alihamisha viatu mkono wa pili. "Lile gauni alilokupima dada yako. Limefika wapi?"

"Limekatwa. Liko kabatini, limekunjwa."

"Mwambie alitoe."

Mtaalamu alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja. Kule mbele Bosi alikuwa akigeuza fremu kwa shida, akiwarudia, macho chini.

"Ngoja kwanza apite," alisema Mtaalamu, na alipokwisha kupita, akaweka mguu chini, akamwendea Kobe.