Waliopimwa Tambarare

Kofia ilishuka kutoka darini kwa mkono wa chuma, ikamfunika kichwa mwalimu mmoja wa kike, ikanguruma. Sekunde tisa tu. Ukutani ikawaka mistari saba ya mwanga, kila mmoja na urefu wake: akili ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya maumbo, ya watu, na ile ya mtu kuijua nafsi yake. Mstari wa muziki ukaipita mingine yote.

"Kilele: muziki," ilisema mashine, na mlango wa kulia ukafunguka.

Mwalimu yule alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Alitoka akilia. Karani akamwita anayefuata.

Mashine hiyo iliitwa pimabongo. Katika jiji la Igulwa, mwaka wa 2091, hakuna aliyeajiriwa wala kuhamishwa kazi bila kupita chini yake. Haikuuliza swali lolote. Ilipenyeza mawimbi ya sumaku ndani ya fuvu, ikaangalia ni njia zipi za ubongo zimekanyagwa zaidi, kama mchungaji anavyotazama nyasi akajua ng'ombe hupita wapi.

Aliyeibuni ni Daktari Kalunde Mihambo, mtaalamu wa ubongo. Mwanzoni alisema anataka kila mtoto aambiwe anachokiweza kabla hajaitwa mjinga na mtu mzima asiyemfahamu. Baraza la Jiji likaipenda, likaitungia sheria: kila mtu afanye kazi ya kilele chake, asiguse ya mwenzake. Kalunde hakupinga. Alipewa Idara ya Vipimo aiongoze.

Asubuhi moja dada yake mkubwa, Nyamizi, aliingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa bado na buti za mpira za kituo cha kusafisha maji, alikofanya kazi miaka ishirini na miwili. Jana yake alikuwa amepimwa. Mistari yake saba ilisimama sawasawa, hakuna uliouzidi mwingine, na mashine ikatamka neno ambalo watu wa Igulwa walikuwa wameanza kulitumia kama tusi: tambarare. Tambarare walipangiwa kufuata nyuma ya roboti wafagizi, kuokota kilichobaki.

"Umenifanya nini, Kalunde?"

"Si mimi, dada. Ni kipimo."

"Kipimo kilijizaa chenyewe?"

"Matokeo hayana chuki na mtu. Mistari yako yote iko sawa, kwa hiyo hakuna kazi ambayo wewe ungekuwa bora kuliko wengine."

"Yale matangi nimeyalea kama watoto. Nani mwingine pale anayajua?"

"Kujua si kilele."

Nyamizi akasema polepole, "Ukinikuta njiani usinisalimie. Na nikifa, usije kunizika." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Kalunde alifungua faili la dada yake akaandika: *Mhusika ameelezwa. Ameelewa.*

Nafasi ya Nyamizi ilijazwa na watu watatu wenye vilele virefu. Holo, msichana wa hesabu, alikaa mbele ya vioo vya tarakimu. Masele, mwenye akili ya mwili, alishika valvu. Wa tatu, mwenye akili ya watu, aliongoza zamu. Wiki ya nne, saa nne asubuhi, gesi ya klorini ilianza kuvuja nyuma ya tangi la pili. Masele alihisi pua inawasha. Sheria ilimkataza kuhoji tarakimu, basi akamwambia kiongozi wa zamu. Kiongozi akamwuliza Holo. Holo akatazama vioo vyake, ambavyo kihisi chake cha gesi kilikuwa kimekwama tangu alfajiri, akajibu kwamba kila kitu ni shwari. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri kabisa. Dakika kumi na moja baadaye wote watatu walikuwa sakafuni, na hakuna aliyeinuka.

Kamati ya uchunguzi ilikaa chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Shigela. Ukumbi ulijaa wafiwa. Nyamizi aliitwa kama shahidi.

"Wewe ungefanya nini?" Shigela alimwuliza.

"Ningepiga kelele watu watoke. Pua inawasha, namba zinasema shwari, mwenzako macho yamekuwa mekundu. Unayaweka pamoja, unakimbia."

"Kumbe una akili ya nane!" Wajumbe wakacheka.

"Sina. Na msinitafutie jina, mkanifungia humo." Akageuka, akamnyooshea kidole Kalunde aliyekaa safu ya mbele. "Mwulizeni huyu. Yeye alipimwa lini?"

Kicheko kikakatika. Kalunde alisimama, mikono yake ikiwa imebana pindo la koti.

"Nilikuwa wa kwanza," alisema. "Hesabu na maumbo vilipanda mpaka karibu na dari. Mstari wa watu haukuwaka kabisa. Nikaufuta kwenye kumbukumbu."

"Kwa nini?" Shigela aliuliza.

"Tangu nikiwa mdogo siwezi kuona usoni kwa mtu kama amekasirika au amechoka. Ninyi mnaona bila kujitahidi. Mimi nilitaka mashine iniambie mtu ni nani. Kwa hiyo nilijua nguvu yangu iko wapi, na pengo langu nililijua. Pengo nikalificha, kisha nikaja kuwapima ninyi. Siku dada yangu aliponikana, niliandika kwamba ameelewa."

Mjane wa Masele aliinuka, akapita katikati ya viti, akamtemea mate miguuni. Hakuna askari aliyemzuia. Kalunde aliyatazama mate yale, akamtazama mwanamke, na hata hapo hakuweza kusoma usoni mwake zaidi ya kwamba midomo inatetemeka.

Uamuzi ulisomwa adhuhuri. Kwa kuwa Daktari Mihambo hana akili ya watu, sheria ya kipimo chake mwenyewe inamzuia kuongoza watu. Anaondolewa katika Idara na hatagusa tena kipimo chochote. Ama pimabongo yenyewe, kamati haikuiona na kosa. Aliyekosa ni mbunifu aliyedanganya. Kuanzia Jumatatu mashine zitafungwa katika wodi za wazazi, ili watoto wapimwe siku wanayozaliwa.

"Mheshimiwa, watoto hawana njia bado!" Kalunde alipaza sauti. "Ubongo wa mtoto mchanga haujakanyagwa. Mtasoma nini humo?"

"Keti, Daktari," Shigela alisema. "Hayo yanahusu watu. Huna uwezo nayo."

Walimtoa nje kwa mlango wa pembeni. Juani, kando ya ngazi, alimkuta Nyamizi amesimama, amekunja mikono. Kalunde alikumbuka kwamba amekatazwa kumsalimia, akasimama mbali kidogo. Aliukagua uso ule aliozaliwa akaukuta, mkunjo baada ya mkunjo, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya nchi nyingine. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa binadamu yeyote.

"Dada, sioni," alisema. "Niambie. Umekasirika, au una huzuni?"

Nyamizi alikunjua mikono.

"Vyote viwili," alijibu. "Na kesho uje uniulize tena, maana bado nitakuwa navyo."