Ukurasa wa Zambarau

Pale Makongeni, mlio wa ndoo kwenye mfereji ndio uliokuwa kengele ya kuamka. Mideva akiusikia, alijua kwamba baba yake, Bwana Andati, ameshaondoka kwenda karakana ya reli, mama yake anatia majani ya chai, na dada yake Ayuma yuko kwenye foleni ya bafu, taulo begani. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa wasichana palikuwa na kitanda, sanduku la nguo na meza ndogo ya Ayuma. Juu ya meza hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe.

Ayuma alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha mafundi wa maabara. Maktaba ya chuo hicho ilikuwa na wanafunzi wengi na vitabu vichache. Kimoja, kikubwa chenye jalada la kijivu, kilihusu magonjwa ya damu, nacho kilikuwa peke yake chuo kizima. Mchana kilisomewa humo humo maktabani. Jioni, mlango ukikaribia kufungwa, mwanafunzi mmoja tu aliruhusiwa kukichukua, na ilimbidi akirudishe asubuhi kabla ya somo la kwanza. Wanafunzi walikiita "mgeni wa usiku mmoja". Walikigombania hata waliokuwa marafiki.

Siku hiyo mgeni alikuwa amelala kwao. Ayuma alikuwa amemngojea kwa muda mrefu, na jioni nzima hakuinua kichwa.

Mideva naye alikuwa na shida yake. Alikuwa darasa la saba, na Mwalimu Wanyoike, aliyewafundisha Sanaa, alikuwa amewaambia watengeneze picha kwa kubandika vipande vidogo vya karatasi za rangi. Picha itakayopendeza zaidi ingepelekwa kwenye maonyesho ya shule za jiji. Mideva alichagua mjakaranda uliokuwa kwenye lango la shule yao. Kijani alikipata kwenye magazeti ya zamani, kahawia kwenye katoni ya sabuni. Lakini zambarau ya maua! Alipekua kalenda, akaomba kwa majirani, akachungulia hata kwenye mapipa ya taka. Ni kama dunia nzima ilikuwa imekatazwa kuchapisha rangi hiyo.

Asubuhi hiyo, Ayuma akiwa bafuni, Mideva alikifungua kitabu kile. Kurasa zilikuwa za maandishi matupu, maandishi, maandishi, kisha ghafla ukurasa mmoja wa picha. Ulikuwa umejaa miduara ya waridi na mabaka ya zambarau nzito, zambarau yenyewe hasa aliyokuwa akiitafuta.

"Kitabu chote hiki," alijiambia, "ukurasa mmoja nani atauona?"

Alichukua wembe wa kuchongea penseli, akaupitisha taratibu kwenye mshono wa kitabu. Ayuma aliporudi akinukia sabuni, ukurasa ulikuwa ndani ya begi la shule, na Mideva alikuwa akifunga kamba za viatu kama mtoto mwema. Ayuma alikifunga kitabu ndani ya gazeti ili kisipate vumbi, akaenda zake.

Hadi mapumziko ya saa nne, ukurasa ule ulikuwa umekatwakatwa vipande vidogo kuliko kucha. Hadi jioni, mjakaranda ulikuwa umechanua. Mwalimu Wanyoike aliutazama kwa karibu, akarudi nyuma, akautazama tena, kisha akaubandika ukutani nje ya ofisi ya walimu.

"Huu ndio utakaotuwakilisha," alisema.

Rafiki yake Shiru alimpiga bega. "Mide, wewe ni moto! Zambarau umetoa wapi?"

"Kwa kalenda," Mideva alijibu bila kupepesa macho.

Kesho yake Ayuma alirudi nyumbani mapema. Aliketi kitandani na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Kadi yangu ya maktaba imechukuliwa," alimwambia mama. "Mwenzangu Njoki alipewa kitabu baada yangu, akakuta ukurasa wa malaria umekatwa kwa wembe. Wanasema nimeukata ili wengine wafeli. Ijumaa naitwa mbele ya kamati. Wakiamua ni mimi, sifanyi mtihani wa mwisho."

Mama aliweka mwiko chini. "Si wakupe nafasi ujieleze?"

"Nijieleze nini, Mama? Kilikuwa mikononi mwangu. Na mwaka jana kuna mwanafunzi alifanya hivyo hivyo, akafukuzwa. Nani ataniamini?"

Mama aliuliza kwa sauti ya chini, "Ayuma mwanangu, hebu niambie ukweli. Si wewe?"

Hapo ndipo Ayuma alipolia. Alikuwa amevumilia maneno ya wenzake, amevumilia Njoki kumpa kisogo, lakini swali la mama yake lilimvunja. Mideva alikuwa nyuma ya pazia, daftari la hesabu mbele yake, na aliyasikia yote. Hakutoka.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ya matanga. Baba alikula kimya akarudi kazini kimya. Ayuma alikwenda chuoni kwa sababu tu hakujua pengine pa kwenda. Huko, madawati ya karibu naye yalibaki wazi. Jaribio la somo la magonjwa ya damu lilifanywa bila mtu kuiona ile picha, na wengi walianguka. Mideva aliyasikia hayo yote Ayuma akimsimulia mama. Kila alipopita mbele ya ofisi ya walimu, mjakaranda ulikuwa pale ukichanua, na wanafunzi wadogo wakiushangilia. Hakutaka tena kuutazama. Aliona aibu, na aibu ile haikupungua ingawa hakuna aliyejua.

Alhamisi baada ya masomo alimwendea Mwalimu Wanyoike.

"Mwalimu, naomba picha yangu."

"Ya nini? Jumatatu inakwenda kwenye maonyesho."

"Zambarau yake nimeiiba, Mwalimu. Si ya kalenda. Ni ya kitabu cha chuo, na dadangu ndiye anaadhibiwa."

Mwalimu aliigeukia picha. "Ukiiondoa, nafasi yako itakwenda kwa mwingine. Unajua?"

"Najua, Mwalimu." Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

Mwalimu aling'oa pini mwenyewe, akamkabidhi picha.

Nyumbani Mideva aliilaza kwenye meza ya Ayuma, mahali pale pasipowekwa hata kikombe, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mama alishika mdomo. Ayuma aliinama, akagusa ua moja kwa kidole. Ndani ya kipande kile kidogo ilionekana pete nyembamba yenye nukta nyekundu, ndiyo alama ya malaria ndani ya damu.

"Nilimshuku kila mtu isipokuwa wewe," alisema hatimaye, akageukia ukuta.

Mama alimgeukia. "Ayuma, nilikuuliza swali ambalo sikupaswa kukuuliza. Nisamehe." Ayuma aliitikia kwa kichwa, mgongo ungali umewaelekea.

Ijumaa Ayuma, Mideva na mama yao walikwenda chuoni. Mkuu wa maktaba alikuwa Bi Nthoki, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliipokea picha, akaipeleka dirishani, akaikagua ua kwa ua. Kisha akamwuliza Mideva, "Wewe ndiye uliyekata?"

"Ni mimi, Madam. Ayuma hakujua."

"Na kwa nini umekuja leo, si siku ile ile?"

Mideva alitazama sakafu. "Niliogopa, Madam."

Bi Nthoki aliingia na picha kwenye kikao cha kamati. Alipotoka, alimrudishia Ayuma kadi yake. "Jina lako limesafishwa. Nitawaambia pia wenzako." Kisha akamgeukia Mideva. "Lakini ukurasa bado haupo, na mtihani unakuja. Kila Jumamosi tuna warsha ya kukarabati vitabu hapa. Utakuja."

Jumamosi ile Bi Nthoki alikuwa ameazima kitabu kama kile kutoka chuo kingine. Mashine ya kunakili ya chuo ilitoa weusi na weupe tu, na picha hiyo bila rangi ni bure. Kwa hiyo Mideva aliwekewa karatasi nyembamba, penseli na rangi za maji. Kwenye meza za jirani wanafunzi walishona migongo ya vitabu kwa sindano na kupaka gundi. Hakuna aliyemtania. Hakuna aliyemsemesha pia. Njoki alimpita mara mbili bila kumtazama. Mideva alichora duara baada ya duara hadi shingo ikamuuma, na alipokosea Bi Nthoki alimpa karatasi nyingine, aanze upya.

Mchana kivuli kiliangukia kazi yake. Alikuwa Ayuma.

"Hii pete umeifanya nene mno," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile. "Ikiwa nene hivi, mtu atadhani ni ugonjwa mwingine." Alivuta kiti, akaketi, akamwonyesha mahali pa nukta.

Ukurasa ulipokauka, Bi Nthoki aliutia gundi ukingoni, akaupachika mahali pake, akafunga kitabu na kuweka tofali juu yake.

"Mideva," alisema, "hukumwibia dada yako tu. Kitabu cha maktaba ni cha watu ambao hutawaona kamwe. Hawa wanafunzi wataenda Busia, Siaya, Kitui, huko ambako hospitali ina darubini moja. Ataletwa mtoto ana homa, na mmoja wao atatazama damu yake akitafuta pete hiyo. Kama hakuwahi kuiona, mtoto yule ndiye atakayelipia zambarau yako. Na ungesema siku ile ile, wenzake dada yako wasingeanguka jaribio. Ukweli uliocheleweshwa unaponya, lakini hauponyi wote."

Mideva alisema amesikia.

Jumatatu picha ya mvulana mmoja wa darasa lao, ya jogoo mwekundu, ilipelekwa kwenye maonyesho. Mideva aliipigia makofi pamoja na wengine. Jioni alipofika nyumbani, mgeni wa usiku mmoja alikuwa juu ya meza tena, na mbele yake wameketi Njoki na Ayuma, kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa uliochorwa kwa mkono. Njoki aliinua macho akamwona mlangoni.

"Lete kiti," alimwambia. "Utueleze hii pete ulivyoichora."